Ukoko mweupe ndani ya kifaa cha kuongeza unyevu: maswali na majibu kwa kaya za Dodoma

Mvua zinapokatika, hewa ya Dodoma hukauka kiasi cha kupasua midomo, na kuanzia Juni hadi Agosti upepo wenye baridi na vumbi huongeza adha hiyo. Ndiyo maana baadhi ya familia, hasa zenye watoto wachanga, zimenunua kifaa cha kuongeza unyevu chumbani, ambacho madukani huitwa hyumidifaya. Maswali yafuatayo ni yale yanayozuka baada ya wiki mbili tatu za matumizi, pale mwenye kifaa anapofungua tangi na kukuta limeshika ukoko mweupe mgumu usiotoka kwa sabuni.

Ukoko huu ni nini, na kwa nini unajengeka haraka hivi hapa kwetu?

Ni chokaa, yaani kalsiamu kaboneti, ileile inayoshika ndani ya birika la chai. Sehemu kubwa ya maji ya bomba jijini Dodoma hutoka katika visima virefu vya Makutupora, kaskazini mwa jiji, na maji ya chini ya ardhi hupita muda mrefu kwenye udongo na miamba huku yakiyeyusha kalsiamu na magnesiamu njiani. Maji ya namna hiyo huitwa maji magumu, na kila anayefua nguo anayafahamu kwa sababu sabuni haitoi povu kirahisi. Maadamu maji yametulia bombani, kalsiamu hubaki imeyeyuka na haionekani. Yakipashwa moto au yakikauka, hewa ya kabonidayoksaidi hutoka, na kalsiamu hugeuka kuwa jiwe.

Maji yanapogeuka mvuke, chumvi zake haziondoki nayo, hivyo kila tangi unalojaza huacha fungu lake. Tuseme lita moja ya maji yako ina miligramu 300 za chokaa, na kifaa kinatumia lita mbili kila usiku: hiyo ni zaidi ya nusu gramu kwa usiku mmoja, na takriban gramu 18 kwa mwezi. Kwa hiyo usimlaumu aliyekuuzia kifaa.

Je, ukoko wenyewe una madhara kwa afya?

Chokaa peke yake si sumu. Kalsiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji, na Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha ugumu wa maji ya kunywa. Hata hivyo, kunywa ni jambo moja na kuvuta hewani ni jambo jingine.

Vifaa vingi vya bei nafuu havichemshi maji, bali vina kisahani kidogo kinachotetema kwa kasi kubwa mno na kuyavunja maji kuwa ukungu. Ukungu huo hubeba kila kilichomo ndani ya maji, na matone yanapokauka hewani, madini hubaki yakielea kama vumbi laini jeupe ambalo asubuhi utalikuta juu ya kabati na kioo cha televisheni. Chembe hizo ni ndogo kiasi cha kufika ndani ya mapafu, na ingawa mtu mzima mwenye afya anaweza asihisi lolote, mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu hana sababu ya kuzivuta usiku kucha.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi, ni kinachoishi kwenye ukoko. Uso wake una vijishimo ambamo bakteria na kuvu hujishikiza na kutengeneza utando wa utelezi ambao kusuuza kwa maji matupu hakuuondoi. Miongoni mwa vimelea vinavyoweza kukua kwenye maji yaliyotuama ni Legionella, bakteria anayesababisha aina kali ya nimonia pale matone yenye vimelea yanapovutwa. Wapo pia watu ambao mapafu yao huvimba kwa mzio baada ya kuvuta ukungu mchafu mara kwa mara. Hupata homa, kikohozi na kubanwa kifua, na wengi hudhani ni mafua yasiyokwisha. Mtu akiona dalili zake zinapungua akiwa safarini na kurudi anapolala tena chumbani mwake, amweleze daktari habari za kifaa hicho.

Kati ya siki, limau na unga wa ndimu, kipi kinafaa zaidi?

Vyote vitatu hufanya kazi kwa njia moja: asidi hafifu hukutana na chokaa, viputo vya kabonidayoksaidi hupanda, na kalsiamu hurudi majini katika hali inayoweza kumwagwa. Siki nyeupe ya kawaida ina asidi ya asetiki takriban asilimia 5, na kwa hesabu za kikemia lita moja ya siki hiyo inaweza kuyeyusha takriban gramu 40 za chokaa, ambazo ni zaidi ya ukoko wa mwezi mzima katika mfano wetu wa hapo juu. Kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta kitu kikali zaidi.

Mimi ningechagua unga wa ndimu, yaani asidi ya sitriki inayouzwa kama viungo vya chakula, kwa sababu hauachi harufu, na chumba cha mtoto hakipaswi kunuka siki. Vijiko viwili vya chakula katika lita moja ya maji ya uvuguvugu vinatosha kabisa. Usitumie maji ya moto sana, kwa kuwa chumvi inayozaliwa kati ya asidi hiyo na kalsiamu huyeyuka kwa shida zaidi kwenye joto na inaweza kukuachia utando mpya. Limau lililokamuliwa nalo lina asidi hiyohiyo, lakini lina pia sukari na nyama ya tunda ambazo ni chakula cha kuvu. Ukilazimika kulitumia, lichuje kwa kitambaa na usuuze mara nyingi zaidi. Ukwaju, ambao hapa kwetu haukosekani sokoni, ni mchachu vya kutosha, ila rangi na utomvu wake ni usumbufu mtupu. Ubaki kwenye juisi.

Naomba utaratibu wa kusafisha, hatua kwa hatua.

Chomoa kwanza waya kwenye soketi, usiishie kuzima kitufe tu, kisha mwaga maji yote yaliyobaki. Tangi na sehemu nyingine zisizo na umeme zinaweza kulowekwa, lakini kitako chenye mota au waya kisizamishwe kamwe. Mimina kiasi kidogo tu cha mchanganyiko katika kile kibakuli chenye kisahani kinachotetema, kwa uangalifu maji yasiingie kwenye tundu la kutolea hewa. Kwa ukoko mwepesi, siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa ikikaa nusu saa huwa imemaliza kazi. Ukoko wa miezi kadhaa utahitaji siki isiyochanganywa, na pengine urudie mara mbili. Ukiona viputo vimekoma na ukoko bado upo, asidi imekwisha nguvu, hivyo mwaga uweke nyingine badala ya kusubiri hadi kesho.

Baada ya hapo sugua kwa mswaki laini ulioutenga kwa kazi hiyo. Usikwangue kisahani kwa kisu, bisibisi wala steelwire ya kusugulia masufuria, kwa maana mkwaruzo mdogo hupunguza nguvu ya ukungu na huwapa bakteria mahali papya pa kujificha. Suuza kwa maji safi mara tatu au nne, hadi harufu ya siki iishe, ufute kwa kitambaa safi na uache sehemu zote zikauke kabisa. Kukausha ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, kwani maji ya kusuuzia nayo ni yaleyale magumu, na matone yakiachwa yatakauka na kuacha chokaa nyingine papo hapo.

Fanyia kazi hii kwenye sinki au beseni la plastiki. Sakafu ya terazo na meza ya marumaru asilia zina chokaa ndani yake, na siki itakayomwagika itazila kama inavyokula ukoko.

Jirani anasema nichanganye siki na magadi ili itoe povu zaidi. Je, ni kweli?

Povu litakuwa kubwa, ukoko utabaki. Magadi na soda ya kuokea si asidi. Vikikutana na siki huimaliza nguvu, na unachobaki nacho ni maji yenye chumvi kidogo.

Ninaweza kuongeza jiki ili iue vijidudu wakati huohuo?

Hapana, hata kidogo. Dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, ambayo wengi wetu huiita jiki, ikichanganywa na siki, ndimu au asidi yoyote hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huchoma macho, koo na mapafu. Katika bafu dogo lenye dirisha lililofungwa kwa sababu ya vumbi, dakika chache zinatosha kumpeleka mtu hospitali. Ikitokea umekosea, toka nje mara moja, waite wote waliomo ndani watoke pia, na usirudi kumwaga mchanganyiko huo hadi hewa itakapokuwa imesafika.

Ni kweli kwamba kuondoa chokaa si sawa na kuua vijidudu, na zote mbili zinahitajika, lakini kila moja kwa wakati wake. Ondoa ukoko kwanza, suuza kabisa, kisha tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayopatikana katika maduka ya dawa, iache kwa muda unaoelekezwa kwenye chupa, na usuuze tena. Hiyo nayo isichanganywe na siki chombo kimoja, kwa kuwa huzaa asidi nyingine inayowasha sana macho na koo. Kuhusu asidi kali za kusafishia vyoo, jibu ni fupi: zisiguse kifaa ambacho kitapuliza hewa usoni pa mtu aliyelala.

Kwa nini nisiweke siki au dawa ya kuua vijidudu kidogo ndani ya maji, kifaa kijisafishe chenyewe kikiwa kinafanya kazi?

Kwa sababu kitakachokuwamo majini utakivuta. Korea Kusini ililipa gharama kubwa kujifunza jambo hilo. Kuanzia 1994 ziliuzwa huko dawa maalumu za kutia katika maji ya vifaa vya unyevu, na mwaka 2011 ndipo mamlaka za afya zilipobaini kwamba kemikali zake, hasa ile inayojulikana kwa kifupi kama PHMG, ndizo zilizokuwa zikiharibu mapafu ya watu, wakiwamo wajawazito na watoto wadogo. Wengi walikufa. Kemikali hiyo haikuwa na sifa mbaya ilipotumika kusafishia vitu. Tatizo lilikuwa kuigeuza ukungu na kuipeleka mapafuni usiku baada ya usiku. Kwa hiyo ndani ya tangi linalofanya kazi yaingie maji peke yake, na hata mafuta ya mikaratusi yasitiwe, isipokuwa kama kifaa kimetengenezewa sehemu yake ya kuyawekea.

Nitumie maji gani ili ukoko usirudi?

Yanayofaa kuliko yote ni maji yaliyotoneshwa, yaani yale yaliyogeuzwa mvuke na kukusanywa upya bila madini. Hapa panahitaji tahadhari: ukiagiza maji ya betri gereji au dukani, unaweza kupewa maji yaliyotoneshwa, na unaweza pia kupewa asidi ya salfuriki ya kujazia betri mpya, chupa zikiwa zinafanana. Ni salama zaidi kuyanunua katika duka la dawa na kusoma lebo.

Maji ya mvua ni laini, lakini yanayotoka kwenye bati hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Yachujwe, yachemshwe na yapozwe kwanza. Maji ya bomba nayo yakichemshwa na kuachwa yatulie usiku kucha, sehemu ya chokaa huganda chini ya sufuria, nawe unamimina ya juu taratibu. Njia hii hupunguza ugumu bila kuumaliza, kwa sababu chumvi nyingine haziondolewi kwa moto.

Maji yoyote utakayotumia, yamwage kila siku na ufute tangi kabla ya kujaza upya. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani linashauri vifaa vya kubebeka visafishwe kila siku ya tatu, na kwa maji yetu sioni sababu ya kulegeza ushauri huo.

Mtoto amekunywa mchanganyiko wa siki. Nifanye nini?

Kama ni siki ya chakula, msuuze kinywa na mpe maji kidogo anywe. Usimlazimishe kutapika, kwa kuwa asidi itapita kooni mara ya pili. Akilia kwa maumivu, akitokwa na mate mengi, akikohoa mfululizo, akipumua kwa shida au akitapika, mpeleke kituo cha afya bila kuchelewa na ubebe chupa yenyewe. Ikiwa kilichonywewa ni asidi kali ya viwandani au ya vyoo, usisubiri dalili. Mchanganyiko ukiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha jicho likaangaliwe.

Je, kifaa hiki kinahitajika kila usiku?

Si lazima. Shirika hilohilo la Marekani linapendekeza unyevu wa ndani uwe kati ya asilimia 30 na 50, na kipimo kidogo cha unyevu kitakuonyesha ulipo. Masika, vioo vya dirisha vinapotoka jasho na kuta kuanza kuota kuvu, kifaa kinaongeza tatizo. Kabla ya kukihifadhi kabatini kiondolee chokaa, kikaushe kabisa, na uache mfuniko wa tangi wazi.