Talaka ya mvi: nani kamwacha nani?

Talaka ya mvi ni talaka ya watu waliovuka miaka 50, aghalabu baada ya ndoa ndefu, watoto wakiwa wameshahama nyumbani. Jina limetoka Marekani, ambako wanasosholojia Susan Brown na I-Fen Lin wa Chuo Kikuu cha Bowling Green State walionyesha kwamba kati ya 1990 na 2010 kiwango cha talaka hizo kiliongezeka maradufu. Kufikia 2010, karibu talaka moja katika kila nne ilimhusu mtu wa umri huo.

Hizo ni hesabu. Mwanamke anasimuliwaje? Hapa kwetu shida inaanzia kwenye kitenzi. Mume huoa, mke huolewa. Mume huacha, mke huachwa, au huachika. Ndiyo maana hata mama wa miaka 58 aliyekwenda mahakamani kwa miguu yake kudai talaka, habari itakwambia "kaachika". Hata khului, ambayo mke hurudisha mahari ili ajitoe kwenye ndoa, ikifika barazani inageuka kuwa kaachwa. Na picha ni ileile siku zote: mama ameshika tama. Mzee wa rika lake akioa binti wa miaka 25, watu watacheka na kusema ng'ombe hazeeki maini. Mama akiondoka, swali ni moja: "Uzee wote huu, anatafuta nini?"

Wajapani wana neno lao, jukunen rikon, yaani talaka ya umri uliokomaa. Mwaka 2005 kituo cha TV Asahi kilirusha tamthilia yenye jina hilo: mume anastaafu, na siku hiyohiyo mkewe anamwambia anataka talaka. Aprili 2007 ikaanza kutumika sheria iliyoruhusu pensheni ya ajira iliyochangiwa wakati wa ndoa igawanywe, mke aweze kupata hadi nusu. Vyombo vya habari vikamchora mke kama mtu aliyekaa kimya akihesabu siku kwenye kalenda. Mume naye hakusalimika: mstaafu asiyebanduka kwa mkewe aliitwa jani lililolowa, lile linaloganda kwenye ufagio. Nakiri kejeli hiyo inachekesha. Lakini mtu aliyepika na kulea miaka 35, na fedha za uzeeni ziko kwa jina la mwenzake, atakosaje kuitazama kalenda?

Mambo ya fedha ndiyo yanayopotea kwenye masimulizi haya, na Tanzania tuna historia yake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, kwa kusoma kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Hata hivyo, habari za wazee kuachana huanza na nyumba ndogo, zikaja kwa watoto wanaoona aibu, zikamalizia kwa shehe au mchungaji anayehimiza subira. Kiwanja kimeandikwa jina la nani, kodi ya vile vyumba vya uani anapokea nani, hayo mwandishi hakuuliza.