"Old Etonian" si mzee: maana ya kuwa mhitimu wa shule kongwe ya Uingereza

Ukisoma wasifu wa mwanasiasa wa Uingereza, hukosi kukutana na maneno kama Old Etonian au Old Harrovian, yamepachikwa katikati ya sentensi kana kwamba kila msomaji anayajua. Anayetafsiri neno kwa neno atadhani anatajwa mzee. Sivyo. Kijana wa miaka 18 akimaliza mtihani wa mwisho na kubeba sanduku lake kwenda kwao, jioni hiyohiyo ni "old boy". Maana yake ni mwanafunzi wa zamani tu, mtu aliyepita katika shule hiyo, iwe Eton au Harrow. Ni kama huku tunavyosema "huyu ni wa Ilboru" au "amesoma Alliance", na aliyeambiwa akaitikia "ahaa".

Majina yenyewe yana vituko vyake. Wa Eton ni Etonian, wa Harrow ni Harrovian, hapo hakuna shida. Lakini aliyesoma Winchester huitwa Wykehamist, kwa kuwa shule ilianzishwa na askofu William wa Wykeham mwaka 1382. Rishi Sunak, waziri mkuu wa zamani, ni mmoja wao. Wa Charterhouse ni Carthusian, jina la watawa waliokuwa na makao mahali shule ilipoanzia. Wa Stowe ni Stoic, utani unaowafanya akina Richard Branson, yule mfanyabiashara, waonekane wanafalsafa wa Kigiriki. Asiyejua siri hizi hutambulikana mara moja kuwa ni mgeni, na nahisi hilo ni sehemu ya kusudi.

Shule zenyewe ni za binafsi: zinajiendesha kwa ada, si mali ya serikali. Kinachochanganya ni kwamba zile kongwe Waingereza huziita "public schools", yaani shule za umma. Zamani mtoto wa tajiri alifundishwa nyumbani na mwalimu wake peke yake. Shule iliyopokea mtoto wa yeyote, kutoka popote, ilimradi alipe, ilikuwa ya umma ikilinganishwa na hiyo. Mwaka 1868 Bunge lilitunga sheria mahususi kwa saba kati yake: Eton, Harrow, Winchester, Rugby, Westminster, Charterhouse na Shrewsbury. Jina likaganda.

Eton ndiyo inayotajwa zaidi. Mfalme Henry wa Sita aliianzisha mwaka 1440 karibu na kasri la Windsor, ili wavulana 70 maskini wasome bure. Nafasi hizo 70 zipo hadi leo na hupatikana kwa mtihani mgumu, ila wanafunzi wote kwa jumla ni zaidi ya elfu moja, na ada kamili imepita pauni 50,000 kwa mwaka. Huvaa koti jeusi lenye mkia, kizibao na suruali ya mistari, kama wasimamizi wa harusi, siku ya kawaida kabisa ya hesabu na jiografia.

Mawaziri wakuu 20 wa Uingereza walisoma hapo, kuanzia Robert Walpole, anayehesabiwa wa kwanza, hadi Boris Johnson. Kati ya 1955 na 1964 walipokezana watatu mfululizo: Anthony Eden, Harold Macmillan na Alec Douglas-Home. Ukumbuke kwamba watoto wanaosoma shule za binafsi za kila aina ni kama asilimia 7 tu ya wanafunzi wote nchini humo.

Hapa ndipo orodha za "wahitimu mashuhuri" zinapotaka jicho. Huyo Douglas-Home alikuwa lodi wa kurithi, wa 14 katika ukoo wake. Alipochukua uwaziri mkuu mwaka 1963 ilimbidi auvue ulodi ili aketi na wabunge wa kuchaguliwa. Mtu kama huyo shule haikumtoa kijijini ikampeleka ikulu. Ilimtoa kwenye nyumba kubwa, ikamweka miaka mitano na watoto wa nyumba nyingine kubwa, ikamrudisha. Alichoongeza ni kujuana na watu. Sisi tungeita koneksheni. Wao husema tai ya shule, maana kila chama cha wahitimu kina tai yake. Ya Eton ni nyeusi yenye mistari myembamba ya bluu ya mpauko. Anayekusaili kazi akiwa nayo shingoni, na wewe unayo, maswali yanakuwa mepesi.

Kujuana huko kuliwahi kuwa hata timu ya mpira. Old Etonians walitwaa Kombe la FA mwaka 1879 na 1882. Mwaka 1883 walirudi fainali London wakakutana na Blackburn Olympic, timu ya wafanyakazi iliyotoka mji wa viwanda vya pamba, wakalala 2-1 katika dakika za nyongeza. Tangu siku hiyo hakuna timu ya wahitimu iliyowahi kulibeba tena.

Tena mashuhuri si lazima awe mwema. Kwenye orodha ya Eton yumo Guy Burgess, aliyewapelelezia Wasovieti. Yumo Simon Mann, aliyekamatwa Harare mwaka 2004 na ndege iliyojaa mamluki, wakienda kupindua serikali ya Guinea ya Ikweta.

Kwetu wahitimu hao walifika mapema. Lord Delamere, kinara wa walowezi wa Kenya, alisoma Eton. Mfumo wa mabweni na viranja nao ukafuata. Shule ya Serikali Tabora ilianzishwa ikilenga watoto wa watemi, na Julius Nyerere, aliyeingia mwaka 1937, alikuwa mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Huko Uganda, aliyesoma King's College Budo, iliyofunguliwa 1906, huitwa Old Budonian.

Katika wote hao, ninayempenda mimi ni John Gurdon. Mwaka 1949 alikuwa mwanafunzi wa Eton, na katika biolojia alishika mkia, wa mwisho kati ya wavulana 250. Mwalimu wake aliandika kwenye ripoti kwamba wazo lake la kuwa mwanasayansi ni la kuchekesha, na kuliendeleza ni kupoteza wakati, wake na wa watakaomfundisha. Mwaka 2012 alipata Tuzo ya Nobeli ya tiba, kwa utafiti wa seli alioanza na vyura. Siku hizi shule inamhesabu miongoni mwa watoto wake. Ripoti ile aliitia kwenye fremu, akaitundika juu ya meza yake ya kazi Cambridge.