"Quality": neno lililozaliwa na swali

Ukitafuta kwenye kamusi neno la Kiingereza "quality", mara nyingi utaelekezwa kwenye "ubora". Dukani jibu hilo linatosha. Kwenye falsafa linapotosha, maana neno hili halikuanza kwa kusifu kitu. Lilianza kwa kuuliza.

Swali lenyewe ni la Kigiriki: poios, yaani "wa namna gani?" Plato alilichukua neno hilo la kuulizia, akalitia kiambishi -tes kinachounda nomino za dhahania, akapata poiotes. Sisi hutoka kwenye -refu tukapata urefu. Yeye alikipachika kiambishi chake kwenye swali. Jaribu kutamka "unamnagani" uone sikio linavyoshtuka. Plato alijua kwamba Wagiriki wenzake nao wangeshtuka: katika mazungumzo yake yaitwayo Theaitetos, Sokrates anakiri kwamba huenda neno hilo likaonekana geni.

Zaidi ya miaka 300 baadaye, mwaka 45 KK, Cicero, mwandishi na msemaji wa Kirumi, alikuwa akiandika falsafa kwa Kilatini, na wapo Warumi walioona kazi hiyo ni ya Kigiriki tu. Akafanya alichofanya Plato: qualis, "wa namna gani?", ikazaa qualitas. Katika kitabu chake Academica, kilichoandikwa kama mazungumzo, mhusika wake Varro anaeleza kwamba hata kwa Wagiriki poiotes si neno la watu wa kawaida, ni la wanafalsafa. Nampenda Cicero kwa uamuzi huu. Angeweza kulikopa neno la Kigiriki lilivyo, lakini alichimba ndani ya lugha yake mwenyewe. Baadaye qualitas ikapitia Kifaransa hadi Kiingereza.

Kwa hiyo John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, anapotenga umbo, ukubwa na mwendo wa kitu na rangi, ladha na harufu yake, hapimi uzuri wala ubaya. Weusi wa mkaa, uchachu wa ukwaju, uvundo wa samaki aliyeoza: kila kimoja kinajibu "wa namna gani?", na kila kimoja ni "quality" kamili. Uvundo ule una ubora gani?

Ninapotafsiri falsafa huandika "sifa". Najua neno hilo nalo lina harufu ya kusifu, lakini sarufi ya shuleni imekwisha kulisafisha: mfupi, mbaya, mchafu, vyote tulifundishwa kuviita vivumishi vya sifa.