Kiti cha pili: mwaka wa kazi na wanagenzi wangu

Mwaka unaisha na hoteli za Pwani zimejaa, kwa hiyo haya nayaandika kati ya shoo na shoo. Msimu huu ndio unaotulisha sisi wapiga muziki wa Mombasa. Kuanzia Desemba mpaka Pasaka kazi hupatikana Nyali, Bamburi, Shanzu hadi kule Diani. Mvua za masika zikishika, kuna hoteli zinazofunga milango kabisa, na wengi wetu tunarudi kwenye harusi, studio, kanisani na kufundisha. Nimeishi kwa saksafoni ndani ya mzunguko huo kwa miaka mingi, na kila Desemba kuna kijana anayenijia baada ya shoo kuniuliza afanye nini ili awe mwanamuziki wa jazi hapa hapa Mombasa, bila kuhamia Nairobi.

Mazoezi ya kila siku sina haja ya kumhubiria, hilo analijua. Ninachomwambia ni atafute kiti cha pili. Na kwa wenzangu ambao tayari tuna mikataba, ombi langu ni tusikubali viti hivyo viondolewe jukwaani.

Kiti cha pili ni nafasi ya yule anayepiga tarumbeta ya pili, gita la pili, au ngoma ndogo pembeni. Wimbo haumtegemei yeye, na shoo ikiharibika lawama hazimwangukii. Lakini analipwa, yuko jukwaani, na anasikia kila kitu akiwa hatua moja tu kutoka kwa anayejua. Huko Marekani, mwaka 1922 Joe Oliver, aliyeitwa King Oliver, alimwita kijana wa New Orleans aende Chicago kupiga korneti (ndugu mfupi wa tarumbeta) ya pili katika bendi yake. Kijana huyo alikuwa Louis Armstrong, baadaye nguli wa jazi, na alikuwa na umri wa miaka 21. Wawili hao walisifika kwa vipande vya papo kwa papo walivyovipiga pamoja: Oliver alitangulia, Armstrong akaweka sauti ya pili hapo hapo, bila karatasi. Sikio lile aliliokota kwenye kiti kile. Art Blakey naye, mpiga dramu, aliendesha bendi ya Jazz Messengers kwa zaidi ya miaka 30 akiijaza bendi vijana. Lee Morgan aliingia 1958 akiwa hata miaka 20 hajatimiza au ndiyo kwanza anaitimiza, na Wynton Marsalis aliingia 1980 akiwa na miaka 18. Wakishaiva waliondoka, na Blakey akachukua wengine.

Sisi pia tulikuwa na utaratibu huo. Bendi za dansi za Afrika Mashariki zilipangwa hivyo: gita la solo, la pili, la ridhimu, na besi. Kila gita lilikuwa darasa la gita linalofuata. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walipitia Arusha Jazz kabla ya kuunda Simba Wanyika hapa Mombasa mwaka 1971. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitenga na kuzaa Les Wanyika. Watu husimulia mgawanyiko ule kama ugomvi. Mimi nauona kama mahafali, maana hakuna anayeweza kuanzisha bendi kama ile kama hakukaa miaka akisikiliza gita la mwenzake.

Sasa angalia jukwaa la hoteli la leo. Bendi ya watu watano imekuwa ya watatu, watatu wamekuwa wawili, na mahali pengi amebaki mwimbaji mmoja na laptopu yenye besi na dramu zilizorekodiwa. Anayeondolewa kwanza siku zote ni yule wa kiti cha pili, kwa sababu mgeni anayekula chakula cha jioni hataona pengo lake. Hasara yake haionekani msimu huu wala ujao. Itaonekana siku tutakapohitaji mpiga besi tukakuta wote waliopo wana mvi. Laptopu haimsikilizi mtu, na wala haipunguzi mwendo mpigaji anapopotea.

Mwaka huu nimekuwa na binti mmoja wa Likoni, mpiga tarumbeta aliyejifunzia katika bendi ya kanisa. Noti anazisoma vizuri sana, sauti yake ni safi. Miezi ya mwanzo nilimpa kazi ya kupiga noti ndefu nyuma ya mwimbaji, basi. Siku aliyopata solo yake ya kwanza alimwaga noti kama vile kuna anayemkimbiza. Mpiga besi wetu, mzee aliyekuwapo enzi za bendi kubwa, hakumtazama wala hakusema neno. Alipunguza sauti, akabaki anapiga noti moja moja kwenye kila pigo, nzito na wazi. Binti akaisikia ile nafasi. Akanyamaza mapigo manne mazima, kisha akaanza upya na noti tatu tu, na meza za mbele zikageuka. Somo hilo mimi nisingeweza kumpa sebuleni kwangu hata kwa mwaka mzima.

Sebuleni tunafanya mambo mengine. Chukua safari ya kodi tatu (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inayopatikana karibu katika kila wimbo wa jazi: D maina 7, kisha G7, kisha C meja 7. Ninawaambia wanagenzi wangu waache skeli kwa muda, wapige noti mbili tu za kila kodi, ile ya tatu na ile ya saba, ukihesabu kutoka noti inayoipa kodi jina. Kwenye D maina noti hizo ni F na C. Kodi ikigeuka kuwa G7, F inabaki palepale na C inashuka nusu hatua kuwa B. Ikifika C meja, B inatulia na F ndiyo inayoshuka kuwa E. Binti anachukua mstari mmoja, mimi mwingine, halafu tunabadilishana. Mtu akisikia vizuri jinsi sauti moja inavyosubiri nyingine isogee, ameshaupata uti wa mgongo wa wimbo, na solo yake haitapotea tena hata mpiga kinanda akinyamaza.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wa hapa wanalo na hawajui kwamba ni mali. Aliyekulia Mji wa Kale, Majengo au Kibokoni amesikia taarab tangu tumboni, na makamu ya Hijazi, yaani mpangilio wa noti wa muziki wa Kiarabu, imo masikioni mwake kabla hajashika chombo. Mpe kodi ya A7 inayoelekea D maina, umwambie aanzie A na apande kwa Hijazi: A, B flati, C shapu, D. Hapo ameshapiga kile ambacho wanafunzi wa vyuo vya Marekani hufundishwa kwenye vitabu, na anakipiga kwa lafudhi ya nyumbani. Njia hiyo si ngeni katika jazi. Ahmed Abdul-Malik, aliyempigia besi mpiga piano Thelonious Monk mwaka 1957 na 1958, alirekodi jazi kwa udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, katika mwaka huo huo wa 1958. Kwa makamu za Rasti na Bayati kazi ni kubwa zaidi, kwa sababu zina robo za sauti ambazo kinanda hakina. Kwenye saksafoni lazima ulegeze midomo kidogo ili noti ishuke, na mdomo huo hauji kwa haraka.

Mimi mwenyewe pumzi nilifundishwa na mpiga nzumari wa harusi, si na mtu wa jazi. Alinipa glasi ya maji na mrija, akaniambia nipulize mapovu yasikatike: mashavu yajae hewa, pua ivute mpya, mashavu yasukume ile ya zamani wakati mapafu yanajaa. Nzumari haitui chakacha inapopamba moto, kwa hiyo mpigaji hana ruhusa ya kukata pumzi. Alianza kunichukua kwenye harusi nikiwa mbebaji wa ngoma, baadaye mpigaji wa ngoma hiyo hiyo. Harusi ikiisha alikuwa anamwaga pesa zote kwenye mkeka mbele yetu sote, anazigawa tukiona, na fungu langu lilikuwa dogo lakini lilikuwapo kila mara. Mungu amrehemu. Namna ile ya kugawa imenifundisha kuhusu kazi hii kuliko mazungumzo yoyote.

Kwa hiyo naomba tuzungumze pesa waziwazi. Kijana anayeitwa apige bure "ili apate uzoefu" amenyimwa nusu ya mafunzo, kwa sababu hajifunzi thamani yake wala hajui kusaini mkataba. Na kuna nauli. Feri ya Likoni mtembea kwa miguu halipi, lakini kutoka Nyali usiku wa manane mpaka kivukoni ni tuktuk, na ng'ambo ya pili ni bodaboda mpaka mlangoni, kwa msichana mwenye tarumbeta mgongoni. Nauli hiyo ikikatwa kwenye malipo yake anarudi na pesa ya sabuni. Siku hizi naiandika kando, chini ya malipo, kama vile tunavyoandika spika na usafiri wa vyombo. Wasimamizi wa burudani huuliza mara moja, ukiwaeleza wanaelewa.

Kitu kidogo kwa wenye saksafoni na tarumbeta: hewa ya bahari inakula vyombo. Kausha ndani kwa kitambaa kila baada ya kupiga, usiku huo huo, usingoje asubuhi.

Nimekubaliana na wenzangu wawili kwamba kuanzia Januari kila mkataba tutakaopeleka hotelini utakuwa na nafasi ya mwanagenzi, jina lake limeandikwa, malipo na nauli yake vikionekana. Hoteli moja imeshakubali. Nyingine imesema bajeti yake ni ya watu wawili tu, na tumeamua kazi hiyo tuiache. Ya tatu haijajibu. Binti wa Likoni anapanda tarumbeta ya kwanza usiku wa Ijumaa, hivyo tunatafuta atakayekaa kando yake. Anayeitaka nafasi hiyo aje na chombo chake na wimbo mmoja anaoujua kwa moyo, uwe wa taarab, wa kanisani au wa bluzi.