Programu huria ina leseni

Mwulize fundi kompyuta yeyote hapa Tanga LibreOffice, programu huria ya kuandikia barua na majedwali, ni nini, na mara nyingi atakujibu: "Ni ile ya bure, haina leseni." Mwulize mwalimu anayechapa mitihani kwa Microsoft Office iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli ili itumike bila kulipiwa, naye atakwambia ameiweka bure. Neno ni moja, lakini vitu vinavyozungumzwa viko mbali kama mashariki na magharibi. Nimelisikia kwenye steshenari za Ngamiani, nimelisikia Chumbageni, na safari hii nimelisikia kwenye kikao ambacho taasisi ilikuwa inaamua kompyuta zake ziwekwe nini. Mjumbe mmoja alisema wasitumie LibreOffice kwa kuwa haina leseni na ukaguzi ungewaletea matatizo. Wote wakakubali. Kompyuta zikabaki na Office ile ile iliyokrakiwa, ambayo ndiyo hasa isiyo na leseni. Kosa la maana ya neno likazaa uamuzi, ndiyo maana naandika.

Maana yenyewe haichukui nafasi kubwa. Programu huria ni programu ambayo mwenye hakimiliki ametoa kwa umma, kwa maandishi, ruhusa nne: kuitumia kwa shughuli yoyote, kusoma msimbo chanzo wake, yaani maandishi ambayo mwandishi wa programu ameiandikia, na kuubadili, kugawa nakala zake, na kugawa nakala ulizozibadili wewe mwenyewe. Ruhusa hizo zikiwepo zote, programu ni huria. Ikikosekana hata moja, si huria. Bei haimo kwenye maana hiyo hata kidogo.

Ajabu ni kwamba Mtanzania hapaswi kubabaika hapa, maana neno huria analitumia kila siku bila kukosea. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992, kina kituo hapa hapa Tanga, na aliyesoma pale anajua kuwa ada inalipwa. Hakuna aliyewahi kusimama getini akidai asome bure kwa sababu chuo kimeitwa huria. Tunaelewa kwamba uhuria wake uko kwenye namna ya kusoma: mtu yuko kazini, yuko shambani, analea watoto, na bado anasoma. Vivyo hivyo soko huria. Tangu biashara zilipofunguliwa miaka ya themanini, tunaliita soko huria, na sukari dukani bado tunainunua. Neno linatoka kwenye Kiarabu, kwenye shina lile lile lililotupa huru na uhuru, na kotekote limebaki na maana ya kutozuiwa. Tukifika kwenye kompyuta tu, ghafla tunalipa maana ya kutolipa.

Nafikiri kinachotupotosha ni neno bure lenyewe. Kwa Kiswahili lina ncha mbili: kitu kisicholipiwa, na kitu kisicho na faida. Kazi bure, maneno ya bure, mtu bure. Kwa hiyo fundi akisema "hii ya bure", mteja anasikia na lile la pili: hafifu, ya kushikizia mpaka hela ipatikane. Kisha anaamua thamani ya programu kabla hajafungua hata barua moja nayo. Ile iliyokrakiwa anaiona ya maana, kwa kuwa anajua kwamba huko madukani bei yake ni kubwa. Hapo kinachopimwa ni bei ambayo hata hakuilipa.

Sasa turudi kwenye leseni, maana hapo ndipo penye uzito.

Watu wengi wanadhani leseni ya programu ni stakabadhi ya malipo, au ule ufunguo wa herufi na tarakimu unaoubandika wakati wa kuweka programu. Leseni ni ruhusa. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu, na ulinzi huo unaanza pale tu kazi inapoundwa, isajiliwe isisajiliwe. Maana yake, programu yoyote iliyoandikwa na mtu, mahali popote alipoiweka, hata kama ameiacha wazi kwenye intaneti, kwa kawaida huruhusiwi kuinakili wala kuigawa mpaka mwenyewe aseme. Leseni ndiyo kule kusema kwake. Kwa hiyo programu isiyo na leseni kabisa ndiyo programu usiyo na ruhusa nayo. Haiwezi kuwa huria hata ikiwa haina bei, kwa sababu uhuria wote unatoka ndani ya leseni.

Kama hili linasikika kama nadharia, lifanyie majaribio. Fungua VLC, ile programu ya kuchezea video iliyojaa kwenye kompyuta za vibanda vyetu vyote. Nenda Help, halafu About, halafu ukurasa wa License. Utakuta maandishi marefu, mstari kwa mstari. Hiyo ni leseni iitwayo GPL, toleo la pili, la mwaka 1991. Fungua LibreOffice, nenda Help tena, utaona License Information. Maandishi yapo, yamekuwepo siku zote, ndani ya mashine ile ile ambayo fundi anasema haina leseni. Na ukisoma masharti ya Microsoft utakuta nao wanasema wazi kwamba programu yao inatolewa kwa leseni, haiuzwi. Hata aliyelipa, kwa hiyo, amepewa ruhusa tu. Tofauti iko kwenye ruhusa hiyo inafika wapi: ya Microsoft inaishia kwenye kompyuta fulani au muda fulani, na ya VLC inakuruhusu kumnakilia jirani yako kwenye flashi bila kumwomba mtu.

GPL ni kazi ya Richard Stallman, Mmarekani aliyekuwa mwandishi wa programu kwenye maabara ya chuo cha MIT. Kisa kinachosimuliwa sana ni cha printa. Karibu na mwaka 1980 maabara ilipata printa ya leza kutoka Xerox, ikawa inakwama karatasi. Printa ya awali alikuwa ameitengenezea programu ya kuwajulisha watumiaji kwamba karatasi imekwama. Hii mpya hakuweza kuigusa, kwa sababu msimbo chanzo wake haukutolewa. Mwaka 1983 akatangaza GNU, mradi wa kuandika programu huria, mwaka 1985 akaanzisha taasisi ya kuusimamia. Na huyo huyo, kipindi hicho, alikuwa akiuza kanda zenye Emacs, programu yake ya kuhariri maandishi, kwa dola 150. Aliuza programu huria, akala kwa jasho lake, wala hakuona mgongano wowote. Aliyenunua kanda alikuwa huru kuinakili na kuigawa atakavyo. Miaka mingi baadaye, mwaka 2019, IBM iliinunua Red Hat, kampuni iliyojengwa juu ya programu huria, kwa dola bilioni 34 hivi. Anayesema huria maana yake haina pesa, hesabu hiyo aiangalie vizuri.

Leseni za huria zenyewe hazifanani. GPL inasema ukiibadili programu na kuigawa, wapokeaji nao wapewe ruhusa zile zile ulizopewa wewe. Nyingine, kama MIT na BSD, hazidai hivyo. Zinakutaka tu ubakize jina la mwenye hakimiliki na maandishi ya leseni. Kwa mtumiaji wa kawaida wa Makorora tofauti hii haibadilishi kitu, lakini kijana anayetengeneza programu za kuuza aisome kabla hajachukua msimbo wa mtu.

Upande wa pili ni ile iliyokrakiwa, na hapa nitasema kinachofanyika mbele ya macho ya mteja bila yeye kukitilia maanani. Fundi akishapiga Windows, anaweka Office, kisha anachomeka flashi yenye aktiveta, kijiprogramu cha kuidanganya Office ijione imelipiwa. Kabla hajaifungua, anaingia kwenye mipangilio ya usalama na kuizima Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, kwa sababu isipozimwa itaifuta ile aktiveta papo hapo. Halafu anaiendesha kwa mamlaka yote ya msimamizi wa kompyuta. Tazama mpangilio huo: mlinzi ameambiwa aondoke, mgeni asiyejulikana amepewa funguo zote, na kwenye mashine hiyo hiyo ndimo mtakapokaa matokeo ya wanafunzi au daftari la wadeni. Sisemi kila aktiveta ina virusi. Nasema hakuna aliye kwenye chumba kile anayeweza kujua, fundi akiwemo. Hiyo ndiyo gharama, na huwezi kuiona kwenye bei.

Kundi la tatu ndilo linalochanganya hata wasomi: bure lakini si huria. Skype ilikuwa hivyo. Picasa, ambayo wapiga picha wengi waliipenda kupangia picha za harusi, ilikuwa hivyo. Google ikaiacha Picasa mwaka 2016, na Skype ikafungwa Mei 2025. Google Photos ilikuwa inahifadhi picha bila kikomo, mpaka Juni 1, 2021 mlango ukafungwa na kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa kwenye ile nafasi ya GB 15. WhatsApp nayo, kwa wanaokumbuka, iliwahi kutangaza dola moja kwa mwaka, kisha mwaka 2016 ikaiondoa. Bei ikapanda, bei ikashuka, na katika hali zote mbili mtumiaji hakuwa na haki yoyote mpya wala iliyopungua. Alikuwa mgeni wa mwenye nyumba. Sisemi vitu hivi visitumike, mimi navitumia. Lakini anayepima thamani ya huduma aulize na swali hili: mwenye nayo akiamua kuacha, mimi nabaki na nini?

Kwa programu huria swali hilo lina jibu, na LibreOffice yenyewe ni ushahidi. Ilitoka kwenye OpenOffice.org, iliyokuwa chini ya kampuni ya Sun. Mwaka 2010 Sun ikanunuliwa na Oracle, na wengi wa waliokuwa wakiijenga wakaingiwa na wasiwasi. Septemba mwaka huo huo wakachukua msimbo, wakaanzisha taasisi yao, wakaipa jina jipya na kuendelea. Hawakumpigia mtu magoti, kwa sababu ruhusa ilikuwa imeshaandikwa. Aliyekuwa na barua zake za miaka kumi alizifungua kama kawaida.

Na kuna mfano wa kwetu ambao huwa nasikitika kuona umesahaulika. Mwaka 2004, kupitia mradi uliofanyiwa kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilitoka Jambo OpenOffice: programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Watu wetu walikaa wakatafuta maneno ya faili, hariri, jedwali, wakayaingiza. Hawakusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama Waswahili ni soko lenye faida. Ruhusa ya pili na ya nne katika zile nne ndizo zilizowawezesha. Programu ya bure isiyo huria isingewaruhusu kugusa hata neno moja la menyu. Leo mfumo wa taarifa za afya wa nchi umejengwa juu ya DHIS2, programu huria iliyoanzia kwa watu wa Chuo Kikuu cha Oslo, na vyuo vyetu vingi vinafundishia kwa Moodle, nayo ni huria. Kwa hiyo wanaosema "serikali na vyuo haviwezi kutumia vitu visivyo na leseni" wanasema kweli, ila wamekosea ni vitu gani hivyo.

Je, huria ni bora daima? Hapana. Mhasibu ambaye ofisi yake nzima inaendesha hesabu kwa Tally hana sababu ya kuiacha kwa kuwa tu haiko huria. Alipie, afanye kazi. Mwenye majedwali mazito ya Excel yenye makro, zile amri zinazojiendesha ndani ya jedwali, atasumbuka akihamia LibreOffice. Na ile adha ya barua kuruka mistari ukiipeleka steshenari ni ya kweli: mara nyingi chanzo chake ni fonti, kompyuta moja ina Calibri na nyingine haina. Ihifadhi kwa PDF kabla ya kutoka nyumbani, adha nyingi zitaisha. Haya ndiyo mambo ya kupima: inafanya kazi yangu, inafungua faili za ninaofanya nao kazi, na nimeruhusiwa nini. Bei ipimwe pamoja nayo, isiyatangulie.

Nimalizie na jambo la mafundi, maana nao wanaonewa. Mteja akigundua kuwa LibreOffice aliyowekewa inashushwa bure mtandaoni, huwa anarudi kudai elfu kumi yake akisema ametapeliwa. Hapana, ndugu yangu. Leseni inamruhusu fundi kukutoza, kwa nakala na kwa kazi: ametumia bando lake, muda wake, umeme wake, na faili zako za zamani amezihamisha. Cha kumdai ni risiti iliyo sawa. Kama ameandika "Office" tu, mwombe kwa upole aifute, aandike "kuweka LibreOffice" pamoja na namba ya toleo. Na chini yake, pale alipozoea kuandika "haina leseni", aandike jina la leseni yenyewe: MPL 2.0.