Hasara iliyoepukwa ni nini?

Mei 2020 Ziwa Victoria lilijaa hadi kuvuka rekodi yake ya mwaka 1964, na maji yakaingia kwenye mialo, yaani sehemu za kushushia samaki, na nyumba za kandokando. Kilichoharibika kilihesabika. Kilichonusurika kwa sababu mwenyewe alijiandaa hakuna aliyekihesabu, na thamani yake ndiyo wachumi wanaiita hasara iliyoepukwa.

Tuchukue mfano wa mchuuzi wa dagaa wa Igombe, Mwanza, ambaye vichanja vyake vya kuanikia viko karibu mno na maji. Tuseme mafuriko humlia shilingi 2,000,000 kila miaka mitano, kwa wastani. Maana yake hata mwaka ambao ziwa limetulia, amebeba hatari ya shilingi 400,000. Akitumia 600,000 kuhamishia vichanja juu, na hatari ikapungua kwa nusu tu, anaokoa 200,000 kwa mwaka; baada ya miaka mitatu gharama imerudi. Wastani si ratiba, maji yanaweza kuja mwaka huu na mwaka kesho pia. Ugumu ni kwamba zile 600,000 zinatoka mfukoni leo, lakini 200,000 hazirudi kama noti. Zinarudi kama dagaa ambao hawakusombwa.

Kwa nchi za visiwa hesabu ni hiyohiyo, ila uzito wake ni mwingine kabisa. Mwalo wa Mwanza ukizama, Mbeya bado inavuna na kodi bado inakusanywa. Kisiwa kidogo hakina Mbeya yake. Kimbunga Maria kilipoipiga Dominica, kisiwa cha Karibiani, mwaka 2017, uharibifu na hasara vilikadiriwa kuwa asilimia 226 ya Pato la Taifa, yaani zaidi ya kazi ya nchi nzima kwa miaka miwili.

Maldivi walijenga ukuta kuuzunguka mji mkuu, Malé, kwa msaada wa Japani, baada ya mawimbi makubwa ya mwaka 1987. Tsunami ya 2004 ilipofika, nchi ilipata hasara ya takriban asilimia 62 ya Pato la Taifa, lakini ukuta uliupunguzia mji kipigo. Hiyo asilimia 62 imeandikwa. Kile ambacho Malé haikupoteza hakimo kwenye daftari lolote, mtu lazima akae akikadirie.

Kuna jambo linaloniuma katika hesabu hii. Fedha ambayo ukuta utaokoa miaka 30 ijayo hupunguzwa thamani inapolinganishwa na ya leo, na anayekopa kwa riba kubwa huipunguza zaidi. Kwa hiyo kisiwa maskini, kinachohitaji ukuta kuliko wengine, ndicho ambacho karatasi humwambia waziri wake wa fedha kwamba ukuta haulipi.

Tahadhari ya mapema haina kikwazo hicho, kwa kuwa gharama yake ni ndogo na matunda yake ni ya karibu. Tume ya Dunia ya Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi ilieleza mwaka 2019 kwamba taarifa ya saa 24 kabla ya dhoruba inaweza kupunguza uharibifu kwa asilimia 30. Kwa mchuuzi wetu hiyo ni jioni moja ya kukusanya dagaa na kuvuta mtumbwi nchi kavu.