Tiba ya kudumisha nafuu katika limfoma inayokua polepole: maswali ya mgonjwa

Ikiwa mitoki imenywea na vipimo ni vizuri, kwa nini niendelee kupewa dawa?

Swali hili nililiuliza mimi mwenyewe nilipomaliza tibakemikali, na bado naliona kuwa swali la haki kabisa. Limfoma, yaani saratani ya chembe nyeupe za damu zinazokaa kwenye mitoki, ikiwa ni ile inayokua polepole, hasa aina iitwayo ya folikula, huitikia vizuri tiba ya kwanza lakini mara nyingi haiponi kabisa, bali hujificha na kuja kuibuka tena baada ya miaka. Tiba ya kudumisha nafuu hukusudia kuchelewesha marudio hayo. Dawa itumikayo zaidi ni rituksimabu, ambayo ni kingamwili iliyotengenezwa maabara ili inate kwenye protini iitwayo CD20 iliyo juu ya seli B, yaani chembe nyeupe za damu zinazozalisha kingamwili, na kwa kawaida hutolewa kila baada ya miezi miwili kwa muda wa miaka miwili.

Je, itanirefushia maisha?

Jibu la swali hili linahitaji kusikilizwa kwa utulivu. Katika utafiti uitwao PRIMA, ambao matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2011, nusu ya wagonjwa waliodumishwa kwa rituksimabu walikaa zaidi ya miaka 10 bila ugonjwa kuendelea, ilhali kwa wale walioangaliwa tu bila dawa muda huo ulikuwa takriban miaka 4. Hata hivyo, baada ya miaka 10, watu wapatao 80 katika kila 100 walikuwa hai katika makundi yote mawili, kwa kuwa waliorudiwa na ugonjwa waliweza kutibiwa tena. Kwa hiyo kinachopatikana hapa ni miaka ya kukaa mbali na tibakemikali nyingine, wala si ahadi ya umri mrefu zaidi. Mimi naona muda huo una thamani kubwa. Mwenzangu mwenye ugonjwa huu huu anaweza kuupima vingine, naye asionekane mkaidi.

Siku ya dripu huwaje?

Huwa ndefu kuliko inavyotisha. Kwanza hutolewa parasetamoli na dawa ya mzio, kisha muuguzi hufungua dripu taratibu na kuongeza kasi kidogo kidogo huku akipima joto na shinikizo la damu. Koo likianza kuwasha au mwili ukitetemeka, mwambie papo hapo, maana mara nyingi kupunguza kasi au kusimamisha kidogo hutosha. Misukosuko hiyo hujitokeza zaidi katika dozi ya kwanza kabisa, hivyo anayefika kwenye kudumishwa huwa ameshaizoea dawa.

Madhara yapi yanastahili kuangaliwa zaidi?

Maambukizi, kuliko jambo jingine lolote. Dawa hii haibagui: huangamiza seli B zilizo nzima pamoja na zenye saratani, na kingamwili za asili zinaweza kupungua hadi mafua na vichomi vikawa vya kujirudiarudia. Homa ya nyuzi 38 au zaidi isisubiri asubuhi. Chanjo nazo hushika kwa udhaifu wakati wa tiba na kwa miezi kadhaa baadaye, ndiyo maana ni vyema kuzipanga mapema na daktari, na zile zenye virusi hai huepukwa. Kabla ya yote, hakikisha umepimwa homa ya ini aina ya B, kwa sababu virusi vilivyolala mwilini vinaweza kuamka na kuliharibu ini vibaya.

Je, naweza kukataa, au kuacha katikati?

Unaweza. Kuangaliwa kwa karibu bila dawa ni njia inayokubalika kitabibu, na daktari mwenyewe anaweza kusitisha dozi maambukizi yanapozidi. Muulize mambo matatu: hali yangu baada ya tiba ya kwanza ikoje, kiwango changu cha kingamwili ni kipi, na ugonjwa ukirudi nitatibiwa kwa dawa gani. Majibu yake yaandike, kwani kliniki ijayo huenda ukamkuta daktari mwingine.